Mbwa wangu jike ana miaka sita, nataka kumpokea jike mwingine. Nianzie wapi?

MamaKuku_Tengeru

Habari za saa hizi wafugaji wenzangu. Naomba ushauri kabla sijatoa jibu kwa mtu anayenisubiri.

Nakaa Tengeru, upande wa chini kwenye mashamba ya mboga. Nina kuku wa mayai, migomba kidogo na mbwa mmoja, Malkia. Ni mbwa wetu wa kienyeji, mwekundu, kifua cheupe, masikio yamesimama muda wote. Nimemlea tangu anaachishwa ziwa na sasa ana miaka sita. Ametolewa kizazi, chanjo ya kichaa anapata kila mwaka, na kadi yake iko kabatini pamoja na vyeti vya watoto. Usiku anazunguka banda la kuku mpaka adhana ya alfajiri, mchana analala chini ya ngazi za jikoni. Pale ni pake. Kuku akipita anamwangalia tu, lakini paka wa jirani hathubutu.

Mfanyakazi mwenzangu amehamishiwa Mtwara. Ana mbwa jike anaitwa Tausi, miaka miwili hivi, amechanganya na German Shepherd, mkubwa kuliko Malkia. Hajatolewa kizazi, na kadi ya chanjo mwenyewe anasema ipo mahali, ataitafuta. Kwenye basi hakubaliwi, gari la kukodi hadi Mtwara hawezi, na huko anakokwenda amepanga chumba. Ameniomba mimi kwa sababu ameona ninavyomtunza Malkia. Nikikataa atamwachia mlinzi, na sote tunajua mbwa wa namna hiyo anapoishia. Baada ya muda mfupi yuko jalalani sokoni, mara kapigwa mawe, mara kagongwa na lori barabara ya Moshi. Mimi nina uwanja, nina fensi, siwezi kunyamaza nikaliona hilo.

Kinachonisumbua ni Malkia. Wiki iliyopita mwenzangu alipita na Tausi nyuma ya pikapu, akasimama getini tusalimiane. Tausi kule juu akawa anabweka na kulialia. Malkia hakubweka hata mara moja. Alisimama mwili umekaza, mkia juu, manyoya ya shingoni mpaka kiunoni yamesimama, macho hayabanduki. Gari lilipoondoka akaingia chini ya ngazi, chakula cha mchana hakugusa. Kubweka kwake nakujua, najua lini ni mwizi na lini ni muuza maandazi. Ukimya ule sijawahi kuuona kwake, na tangu siku hiyo sina amani.

Baba watoto anasema tumwache Tausi, tuchukue kidume kidogo kwa jirani ambaye mbwa wake amezaa, kitakua hapa hapa na Malkia atakizoea. Pia nina mtoto wa miaka minane ambaye amezoea kumlalia Malkia mgongoni. Na tunapakana na mzee mmoja Mwislamu, mtu mwema sana kwetu, Malkia anajua kabisa kwamba barazani kwake hapakanyagwi. Huyo mgeni atajuaje?

Naombeni msaada wa watu waliowahi kufuga wawili. Sitaki kumwokoa mmoja nikamharibia maisha mwingine.

Kibo_Fundi

Mama, msikilize mzee wa nyumba. Chukua kidume kidogo. Majike wawili ni vita, hasa mmoja akiwa na damu ya German Shepherd, na ukizingatia Malkia ameshakuwa mtu mzima atapigwa kwake mwenyewe. Mtoto wa mbwa hana ubishi, akikemewa analala chali, kesho wanalala pamoja. Mimi kwangu Boma Ng'ombe nilifanya hivyo na hadi leo ni marafiki wakubwa. Huyo Tausi mtangaze, kuna watu wengi wenye yadi na magodauni wanatafuta mbwa mkubwa wa ulinzi, atapata kwake.

MzeeMifugo

Mama Kuku, salaam. Nilikuwa afisa mifugo wa wilaya huku kaskazini mpaka nilipostaafu, na masomo niliyapata hapo hapo chuo cha mifugo Tengeru, kwa hiyo barabara hizo unazozitaja nazijua kwa miguu. Nyumbani kwangu Usa River sijawahi kukaa na mbwa mmoja. Nitaandika kirefu, univumilie.

Kwanza nakubaliana nawe kwamba ukimya ule ni jambo la kuangaliwa. Mbwa anayebweka na kurukaruka bado anazungumza. Yule aliyekaza mwili, akafunga mdomo na kukodoa macho amefika mwisho wa mazungumzo. Lakini tazama pia namna walivyokutanishwa. Malkia yuko kwenye geti lake, ambalo ndilo kazi yake kulilinda. Mgeni yuko juu ya gari, amefungwa, hawezi kushuka kunusa wala kugeuka aondoke, na anapiga kelele. Mbwa wanaosalimiana vizuri hawajiani uso kwa uso. Wanakwenda kwa kuzunguka, pua kuelekea nyuma ya mwenzake, wananusa, wanaachana. Pale getini hakuna hata mmoja aliyepata nafasi hiyo. Mkutano wa namna ile haukuonyeshi Malkia atamfanyia nini Tausi wakikutana vizuri. Umekuonyesha tu kwamba usije ukamshusha Tausi getini.

Fundi hapo juu amesema majike wawili ni vita. Kuna ukweli ndani yake na sitauficha. Katika mbwa wa nyumba moja wanaopigana na kurudia kupigana, wengi ni wa jinsia moja, na majike ndio wanaoumizana zaidi na wanaokawia kusahau. Kama ungekuwa unachagua mbwa kutoka sifuri ningekwambia chukua dume aliyehasiwa. Ila hapa huchagui kutoka sifuri. Kuna mbwa mmoja aliye hai ambaye ataishia jalalani, na nimeona majike wengi wakiishi pamoja mpaka uzee pale mwenye nyumba alipokuwa na utaratibu.

Sasa sharti langu la kwanza, na hili nalitia mkazo kuliko yote: Tausi atolewe kizazi. Jike asiyetolewa anaingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, karibu mara mbili kwa mwaka, na kila mara ni kama wiki tatu. Madume ya Tengeru nzima yatalala getini kwako. Ugomvi wa majike mara nyingi huzuka kipindi hicho, hata kama huku nyuma walikuwa wanaelewana. Akipata mimba, siku 63 hivi baadaye una watoto, na jike mwenye watoto atamfukuza Malkia chini ya ngazi ile ile. Zungumza na mwenzako alipie au mchangie kabla hajasafiri, maana akishafika Mtwara ahadi itakuwa ya simu.

Sharti la pili ni afya, na linakuja kabla ya kuwakutanisha. Kadi ambayo "ipo mahali" ihesabu kuwa haipo. Mwite daktari wa mifugo, Tausi achanjwe upya kichaa cha mbwa pamoja na ile ya mseto inayokinga distempa na parvo, magonjwa mawili ya virusi yanayoua mbwa. Watu wengi kwetu wakisema mbwa amechanjwa wana maana ya kichaa tu, na hapa ndipo mbwa wanapofia. Distempa si ugonjwa mdogo. Mwaka 1994 uliingia kwa simba wa Serengeti, na karibu theluthi moja ya simba wote wa hifadhi walikufa, kama 1,000 hivi. Waliochunguza waliwanyooshea kidole mbwa wa vijijini kuwa ndio walioutoa. Kama unaweza kumaliza simba, usiuchezee na Malkia. Na Malkia mwenyewe tazama kadi yake leo: kama ina kichaa peke yake, apate mseto naye.

Mwambie daktari amkague Tausi sehemu za siri. Najua hatupendi kulitaja, lakini kuna uvimbe unaoambukizwa mbwa kwa mbwa, hasa wanapopandana, na hata kwa kulamba na kunusa. Unaonekana kama kinyama chekundu kinachodondosha damu kidogo kidogo, na wenye mbwa hudhani ni joto limechelewa kuisha. Unatibika vizuri kwa sindano za daktari, mradi ugunduliwe. Kisha kupe: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Kupe wa mbwa wana homa yao, fizi zinapauka, mbwa anakonda, wengine wanatokwa damu puani. Dawa ya minyoo wapewe wote wawili kwa siku moja. Ninakuomba usinunue ile dawa ya sindano ya ng'ombe ukamkadiria mbwa kwa macho. Nimeitwa kwenye nyumba nyingi usiku kwa sababu hiyo, na si mara zote niliwahi.

Wakati huo wote, wiki mbili nzima, Tausi akae kwenye banda lake mwenyewe mbali na ngazi za jikoni, mahali ambapo hawaonani lakini upepo unafika. Chukua gunia analolalia Tausi, mpelekee Malkia alinuse huku unampa kipande cha nyama. La Malkia mpelekee Tausi. Usimlazimishe, liweke chini tu. Wataanza kufahamiana kwa pua kabla ya macho, na pua ndiyo wanayoiamini.

Siku ya kukutana, tafuta mahali ambapo si pa mmoja wao. Ninyi mna ile njia ya kando ya mfereji, inafaa. Watu wawili wazima, kila mmoja na mbwa wake na kamba ya kutosha, mtoto abaki nyumbani. Tembeeni mkielekea upande mmoja, mmoja kushoto mmoja kulia, mkiacha nafasi pana mwanzoni. Msisimame kuangalia kama wanapendana. Tembeeni tu. Kamba ilegee, kwa sababu mkono wako ukivuta, mbwa anapata habari kwamba kuna hatari. Mkiona midomo imefunguka, mikia imelegea, wananusa majani, punguzeni nafasi. Mkiona mmoja amekaza tena kama pale getini, mgeuzeni kwa upole mtembee kwingine. Wakisalimiana, hesabu polepole mpaka tatu, mwite Malkia, endeleeni na safari. Rudieni kwa siku kadhaa mpaka ionekane kuwa ni jambo la kawaida, kisha ndipo muingie getini pamoja mkitokea matembezini, Malkia akitangulia.

Kabla hawajaingia, ondoa uwanjani kila mfupa, kila bakuli, kila kiatu cha kuchezea. Na chini ya ngazi pabaki pa Malkia. Weka ubao au wavu ikibidi. Tausi apewe mahali pake upande wa pili wa nyumba, pazuri vile vile.

Jambo moja watu hulikosea: Malkia akimngurumia mgeni, wanampiga. Usimpige. Kunguruma ni onyo, ni mbwa anayesema sogea. Ukimfundisha kwamba akinguruma anachapwa, ataacha kunguruma na ataanza kung'ata bila taarifa. Akinguruma, muondoe Tausi aliposimama.

Kuhusu kidume kidogo cha jirani. Mtoto wa mbwa anavumiliwa na wakubwa kwa miezi michache, hilo ni kweli. Ila akifika miezi sita, saba, uvumilivu huo unakwisha, na Malkia atakuwa anarukiwa kila siku na kijana mwenye nguvu kuliko yeye. Mtoto pia ana chanjo za kufuatana tangu wiki ya sita au ya nane mpaka wiki ya 16, na ya kichaa akifika miezi mitatu. Parvo ikimpata katikati, kutapika na kuhara damu, mara nyingi unampoteza, na virusi vyake hukaa kwenye udongo wa uwanja muda mrefu, hata mwaka. Sisemi usimchukue kamwe. Nasema si njia rahisi kama inavyosemwa.

Wambo_Limuru

Hujambo Mama Kuku, salamu kutoka Limuru. Mimi niko na majike wawili, kwa hivyo naweza kukuambia vile maisha yenyewe huwa kila siku.

Wa kwanza ni Kaveti, wa kienyeji kama Malkia wako. Wa pili, Shiro, nilimchukua KSPCA Nairobi, kile chama cha kutunza wanyama, akiwa mtu mzima, ameshachanjwa na kufungwa uzazi, kwa hivyo hiyo kazi Mzee anaeleza nilikuta imeisha. Nakubaliana naye sana kuhusu kutembea pamoja. Sisi tulitembea barabara za majani chai asubuhi, mimi na kaka yangu, na hapo hawakuwa na shida. Shida ilikuwa jikoni.

Chakula, dada yangu. Kaveti amekula peke yake maisha yake yote, anakula polepole, anaacha kidogo, anarudi jioni kumalizia. Mbwa wa peke yake anaweza kuishi hivyo. Mbwa wawili hawawezi. Lile bakuli lililobaki na ugali kidogo na omena ndilo lililokuwa linaleta kelele, hata kuliko nyama. Sasa nawalisha wakati mmoja, Kaveti ndani ya stoo mlango umefungwa, Shiro nyuma ya nyumba. Baada ya robo saa naokota sufuria zote mbili hata kama kuna chakula kimebaki. Mwanzoni Kaveti alilala njaa kidogo, nikaumia moyo, lakini alijifunza kula na kumaliza. Mifupa mikubwa ya supu siku hizi wanapewa kila mtu akiwa amefungiwa kwake, na hakuna kufungua mpaka mfupa umeisha au nimeuchukua. Ya kuku iliyopikwa hawapewi kabisa, inavunjika vipande vikali.

Jambo lingine ni milango. Pahali pembamba ndipo wanagombana, si uwanjani. Ukirudi nyumbani na wote wanakimbilia mlango mmoja kukusalimia, wanabanana, wamesisimka, mmoja anageukia mwenzake. Mimi nikishuka matatu nasimama nje ya geti kidogo mpaka watulie, naingia bila kuita majina, nasalimia baadaye nikiwa uwanjani kwenye nafasi.

Na tafadhali mtafutie Malkia wakati wake peke yake. Kaveti huwa namchukua sisi wawili tu kwenda dukani jioni. Huyo mgeni atapendwa, atazoea, lakini yule aliyekuwepo anafaa aone kwamba kuja kwa mwingine hakujamnyang'anya mtu wake. Wangu walichukua miezi kabla ya kulala karibu. Sasa wanalala mgongo kwa mgongo wakati wa baridi ya Julai, na bado wanakula milango imefungwa. Sitajaribu kubadilisha hilo.

Mwanahamisi_Tanga

Assalaam alaykum na habari zenu wote. Nimeona hakuna aliyemjibu kuhusu jirani yake, nami hilo ndilo ninalolijua.

Sisi Waislamu wa mwambao na wengi wa bara tunafuata madhehebu ya Shafi. Kwetu mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi, chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa mkavu akikupita karibu hakukuharibii kitu. Na kufuga mbwa kwa kulinda mifugo, shamba au kwa kuwinda kumeruhusiwa, kwa hiyo huyo mzee hatakuona umefanya jambo baya. Kinachomkera mtu ni mbwa kumjia akiwa ametawadha, na nguo ya kuswalia ikalambwa.

Nenda kamwambie kabla mbwa hajafika. Usimwombe ruhusa ya kufuga kwako, ila mpe taarifa: tunapokea mbwa mgeni, tutamfunga mpaka ajue mipaka, ukiona amevuka niite saa yoyote. Mtu mzima akiheshimiwa hivyo anakuwa upande wako. Halafu tazama saa za alfajiri. Umesema Malkia yuko nje mpaka adhana. Yeye anamjua mzee akitoka kwenda msikitini gizani, Tausi hamjui, ataona mtu mwenye kanzu anatembea usiku kando ya fensi. Tausi afungiwe ndani ya banda kabla ya saa kumi na moja mpaka kupambazuke, kwa miezi ya mwanzo. Kama sehemu ya chini ya fensi inapitisha kichwa cha mbwa, ziba kwa wavu upande wa baraza lake kwanza, kwingine baadaye. Na ikiwa anaanika nafaka au nguo kwenye huo upande, mfahamishe.

MamaKuku_Tengeru

Mzee shikamoo, na wote asanteni sana. Nimesoma yote na baba watoto nimemsomea kwa sauti, naye amekubali Tausi aje.

Nimeongea na mwenzangu. Amekubali kumpeleka Tausi kwa daktari kutolewa kizazi na kuchanjwa kabla hajahama, atalipa nusu nami nusu. Kadi kweli haikupatikana. Malkia naye nimeangalia: kichaa tu, mseto hana hata mmoja, kwa hiyo daktari atawachanja wote. Stoo ya nyuma ya banda la kuku nimeanza kuisafisha iwe ya Tausi. Jirani nimemwendea jana baada ya magharibi. Amefurahi kuambiwa, na upande wa baraza lake yeye mwenyewe ametoa kipande cha wavu alichokuwa nacho.

Nimebaki na mawili. Ikitokea wamepigana kweli, mimi na mtoto tuko peke yetu nyumbani, nifanye nini? Na huyu mtoto nimwambieje? Hamuogopi mbwa yeyote, na hilo sasa linanitia hofu.

Mwanahamisi dada, Mungu akubariki, suala la alfajiri lisingenijia kabisa.

MzeeMifugo

Marahaba mwanangu. Umefanya vema, hasa hilo la kulipia kabla.

Mtoto kwanza. Mwambie Malkia bado ni rafiki yake, lakini wakiwa mbwa wawili uwanjani hakuna kumlalia mbwa, hakuna kumkumbatia Tausi shingoni, hakuna kumfuata mbwa aliyekwenda kulala, na hakuna kula mkate au mfupa mkononi karibu nao. Akitaka kucheza na Malkia, wewe uwepo na Tausi awe bandani. Tausi amfahamu mtoto akiwa kwenye kamba yako, mtoto amesimama, anamwacha mbwa aje kunusa mwenyewe, asimwinamie. Wakianza kugombana mtoto ana kazi moja tu: aingie ndani na afunge mlango. Asipige kelele, asimwite Malkia. Mfanyishe mazoezi ya hilo wakati wa amani mpaka alifanye bila kufikiri.

Wewe sasa. Ugomvi mwingi ni kelele na mate, unaisha kabla hujafika. Ule wa kweli utaujua kwa sababu mmoja ameng'ang'ania na haachii. Mkono wako usiingie kati yao kamwe, wala usishike kola, maana mbwa aliye kwenye ugomvi anang'ata kilicho karibu bila kuangalia ni cha nani. Weka ndoo ya maji iliyojaa pande zote mbili za nyumba, isiondolewe. Maji mengi usoni kwa ghafla mara nyingi hutosha. Mfuniko wa sufuria ukigongwa ukutani nao husaidia. Kuwe na kipande cha ubao mpana karibu na mlango wa jikoni, unakisukumiza katikati yao na kumwelekeza mmoja stoo. Kuwashika miguu ya nyuma na kuwavuta kinyumenyume ni kwa watu wawili, kila mmoja na mbwa wake, kwa wakati mmoja. Ukiwa peke yako usijaribu, utamshika mmoja na mwingine atamuumiza. Baada ya hapo kila mmoja afungiwe kwake mpaka kesho, chunguza majeraha chini ya manyoya kwa sababu tundu la jino linaonekana dogo nje na ndani limechimba. Kisha rudini kwenye matembezi ya kamba kama mwanzo. Wakipigana hivyo tena na tena, na damu ikitoka, usione aibu kumtafutia Tausi nyumba nyingine. Atakuwa ameshachanjwa na kutolewa kizazi, hapo atapokelewa kwa urahisi kuliko leo.

Mtu aking'atwa, hata na Malkia mwenye kadi, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kuuliza chanjo ya kichaa. Msipake jivu wala mafuta ya taa. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, daktari wa mifugo apewe taarifa. Tausi kwa kuwa anachanjwa upya na historia yake hatuijui, kwa mwezi wa kwanza hata mkwaruzo wa jino uchukulieni hivyo hivyo.

Daktari akikupa tarehe ya upasuaji, Tausi asile usiku wa kuamkia siku hiyo, na baada yake asiruke wala kukimbia kwa siku 10 hadi 14 mpaka mshono ukauke. Siku hizo ziangukie kwenye wiki zake mbili za stoo, utakuwa umeshughulikia mambo mawili kwa wakati mmoja. Matembezi ya mferejini yaanze baada ya nyuzi kutolewa.